Mguu Uliotulia

Zamani mtu akiumwa mguu alivua kiatu akauonyesha mguu, siku hizi anatoa chupa mfukoni akaonyesha chupa.

Ninamkumbuka dobi wa mtaa wetu, mtu niliyefanya kazi naye ukuta kwa ukuta kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za sasa. Mimi nilikuwa najalidi vitabu, yeye anafua na kupiga pasi. Gundi yangu ilinuka, sabuni yake ilinukia, na mteja akikosea mlango alijua kwa pua kabla ya macho. Watu walimwita Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake, mstari wake ulikaa. Mtu aliweza kuketi mahakamani kutwa nzima, kesi ikaahirishwa, akasimama jioni mstari ukiwa bado umesimama.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji. Meza ndefu ilifunikwa blanketi, juu ya blanketi shuka, na shuka ilikuwa na alama za kahawia za pasi za miaka yote. Pembeni palikuwa na ndoo ya wanga na kamba yenye nguo zilizokwisha kunyooshwa. Pasi zake zilikuwa za mkaa, nzito, zenye komeo la shaba lililochongwa mfano wa jogoo. Binti yake aliwahi kumletea pasi ya umeme. Aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaiweka kabatini.

"Haina uzito," aliniambia binti alipoondoka. "Halafu ina taa. Mtu anasubiri taa izimike ndiyo ajue pasi imepata moto. Na mkewe akinuna, anasubiri taa gani?"

Yeye kupima moto alikuwa na njia zake. Aliinyanyua pasi akaileta karibu na shavu, bila kuigusa, akafumba macho kama anayesikiliza jambo. Akitaka uhakika zaidi, alilowesha kidole kwa mate akaugusa uso wa pasi, tss. Madobi wa kizazi chake waliheshimiana kwa kidole hicho. Anayeruka bado anajifunza. Anayekiacha kidole kikae kidogo, akakitoa taratibu kana kwamba amegusa ukuta, huyo ndiye fundi. Nimewaona wakishindana, wazee wazima, wakicheka hadi machozi. Leo nani anashindana kwa ufundi wake? Wanashindana kwa simu.

Kisha miguu yake ikaanza kuwaka.

Mwanzo alisema ni kama sindano, zinachoma kidogo vidoleni kisha zinaacha. Baadaye zikawa haziachi. Akaanza kufanya kazi peku, maana ubaridi wa saruji ulimsaidia. Alikonda. Alikunywa maji kuliko kawaida, na kila saa alikuwa njiani kwenda chooni.

"Anakunywa maji kama ndiye anayefuliwa," mkewe alisema. Mkewe nilimwita shemeji, naye aliniita hivyo hivyo. Ndiye aliyefua uani wakati mumewe ananyoosha ndani, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji tangu ujana wake.

Nilimwambia Mstari aende hospitali.

"Nikafanye nini? Nikapewe foleni?"

Nilimwelewa. Mtaani kwetu palikuwa na zahanati, na katika zahanati palikuwa na dresa, yule aliyefunga vidonda na kugawa dawa. Shule hakwenda mbali, lakini hukuweza kumdanganya. Ukisema mguu, alikuambia vua viatu vyote viwili. Alikukalisha, akakufumbisha macho, akachukua kipande cha pamba akakugusa kidole kimoja kimoja, nawe useme umeguswa wapi. Usipojibu hakukemea. Aliandika cheti cha kwenda hospitali kubwa na hakukubali maneno. Alipokufa zahanati ikafungwa, na jengo lile sasa linauza makava ya simu. Hospitali kubwa ipo, ila huko unamkuta kijana anayeitazama skrini, wewe unaitazama skrini kwa nyuma, na mguu wako uko ndani ya kiatu.

Kwa hiyo badala ya kwenda, Mstari alimwambia binti yake kwa simu. Jumamosi binti akaja na chupa.

Binti huyu sitaki asomwe vibaya. Alikuwa mtoto mwema, mwenye kazi yake ofisini, na virutubisho vya mitishamba aliviuza kwa kuviamini. Chupa ilikuwa ya kijani. Juu yake palichorwa mtu asiye na ngozi, mishipa yake ya fahamu imetanda mwilini kama mizizi, na nyayo zake zinatoa nuru. Niliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini ambayo yamewekwa ili yasisomwe. Ilisema inasaidia afya ya neva. Inasaidia vipi, haikusema. Nani alijaribiwa, haikusema pia.

"Hiki kimepimwa wapi, binti yangu?" nilimuuliza.

"Baba mkubwa, watu wanatoa ushuhuda kila siku kwenye kundi. Mama mkwe wangu alikuwa hatembei, sasa anakwenda sokoni."

"Na wale ambao hawakupona, nao wanatoa ushuhuda?"

Akatabasamu kwa adabu. "Wao labda hawakumaliza dozi."

"Mwache mtoto," Mstari akasema, akifungua kifuniko kwa meno. "Profesa wa vitabu vya kuokota. Ukipewa maji ya kunywa unauliza mvua ilinyesha lini."

Akameza. Akaendelea kumeza, asubuhi na jioni, bila kukosa, kwa maana alikuwa mtu wa utaratibu. Kwa muda hakukuwa na tofauti. Miguu iliwaka, naye alisimama nayo. Kisha siku moja alikuja dukani kwangu mapema, akasimama mlangoni huku anacheka peke yake.

"Imezimika," alisema.

"Nini?"

"Miguu. Imetulia kabisa. Jana nimelala kama mtoto."

Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Nilimfuata kwake tukanywa chai. Pasi ilikuwa mezani, mkaa umeshika vizuri. Akalowesha kidole, akagusa. Tss. Hakukitoa. Alikiacha pale akinitazama mimi usoni, akiendelea kuongea habari ya mteja fulani, na sauti yake haikubadilika. Alipokitoa ncha yake ilikuwa nyeupe.

"Unaona?" alisema. "Ujana umerudi. Hata nilipokuwa na miaka ishirini sikuweza hivi."

Mkewe alikuwa anaingia na nguo mbichi begani. Akasimama. Harufu ndogo ilipita hewani, akaigeuzia uso, kisha akaendelea kutundika nguo.

Binti alipokuja akaambiwa, akalia kwa furaha, na akatoa simu. Akamrekodi baba yake. Nilikuwepo. Mstari amesimama peku nyuma ya meza, shati lake jeupe limenyooka, anagusa pasi ya moto kwa kidole na kusema: "Mimi miguu ilikuwa inawaka moto. Sasa hakuna maumivu. Hata mikono yangu imekuwa ya chuma." Binti akaituma. Baada ya juma moja watu nisiowajua walikuwa wanasimama dirishani kumtazama mzee wa pasi.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilishawahi kujalidi kitabu cha wauguzi, na nilikuwa na mazoea ya kusoma nilichojalidi, gundi ikikauka. Kilisema maneno machache kuhusu miguu inayowaka kisha ikanyamaza, na maneno hayo hayakuwa ya furaha.

"Utajuaje kama ni chupa?" nilimuuliza.

"Nilikuwa naumia. Nimemeza. Siumii. Unataka ushahidi wa mahakama?"

"Kuna mtu amenyamaza chumbani kwa sababu amelala, na kuna mwingine amenyamaza kwa sababu amezimia. Ukiwa nje ya mlango utawatofautishaje?"

"Nitabisha hodi."

"Basi twende tubishe hodi."

Alicheka, akakubali. Alipenda mchezo. Tulimkalisha kwenye kigoda mchana, baada ya chakula, miguu yake juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilileta uzi wangu wa pamba wa kushonea vitabu. Nikamwambia afumbe macho, shemeji atamgusa vidole kwa ncha ya uzi, naye akihisi aseme sasa. Kama alivyofanya dresa.

Mkewe akapiga magoti. Alichovya uzi ulimini ili ncha isitawanyike, akauelekeza kwenye kidole gumba.

"Sasa," Mstari akasema. Mkono ulikuwa bado hewani.

Mkewe akanitazama. Akamgusa kidole gumba, akamgusa kinachofuata, akaupitisha uzi chini ya unyayo polepole hadi kisiginoni. Mumewe alikuwa kimya, anatabasamu, uso umeinuliwa.

"Sasa," akasema tena, na wakati huo uzi ulikuwa mapajani mwa mkewe. "Na sasa." Alikuwa akihesabu mwendo anaodhani mkono wa mkewe unakwenda, kama mtu anayeitikia wimbo ambao umekwisha kuzimwa.

Mguu wa pili ukawa hivyo hivyo.

Alifumbua macho. "Nimepata?"

"Zote," mkewe alisema.

"Shemeji," nilisema.

"Zote, mume wangu." Alikuwa anauzungusha uzi kwenye kidole chake, taratibu, hadi ukaisha.

"Hukupata hata moja," nikamwambia Mstari. "Miguu yako imekufa ganzi. Nenda leo. Mimi nitafunga duka tufuatane."

Alimtazama mkewe, akanitazama mimi. "Aliyeshika uzi ndiye anayejua. Wewe hata sindano unatungiwa." Akavuta miguu yake, akasimama. Nilisikia nyayo zake zikipiga saruji kwa kishindo, pa, pa, kama anayeweka matofali.

Nilimkuta shemeji uani, ameinamia beseni.

"Kwa nini?"

Hakuacha kusugua. "Ulikuwa humsikii, shemeji. Ukuta wako ni wa dukani. Mimi ndiye niliyelala na yule mtu akiuma shuka ili asipige kelele. Sasa analala. Anaamka anachekacheka. Nimwambie nini? Kwamba mwanawe wa kumzaa amemletea sumu?"

"Si sumu. Yaweza kuwa majani ya kawaida tu. Ila kitu kinachomla kipo, na sasa kinamla bila sauti."

"Basi kikitoa sauti nitamwambia," akasema.

Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu sasa. Lakini tangu siku hiyo kila nilipokuwa nafanya kazi nilikuwa na sikio moja ukutani. Nilisikia pasi ikishuka mezani. Nilisikia pa, pa. Komeo la jogoo kwenye ile pasi kubwa lilikuwa limelegea, lilicheza kila pasi ilipogeuzwa, na nilimwambia alifunge kwa waya. Alisema atafunga. Mara mbili nilimkumbusha habari ya hospitali, mara ya tatu aliniomba tuzungumze mengine.

Asubuhi iliyofuatia mvua kubwa alikuwa na kazi ya haraka, mashati meupe ya wahudumu wa hoteli, lundo zima. Nilikuwa nakata makaratasi. Harufu ikapita chini ya mlango. Mwanzo nilidhani ni unywele, halafu nikadhani ni ngozi, kama ile ya kufunikia jalada ikiachwa karibu na jiko. Niliweka kisu chini.

Nilimkuta Mstari amevurugikiwa. Mashati aliyokwisha kuyakunja alikuwa anayakunjua tena, moja baada ya jingine, anayageuza, anayainua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nimechoma cha watu," alisema. "Unasikia harufu? Siioni. Angalia hilo upande wa kola."

Nilishika shati. Lilikuwa safi. Nikashika jingine. Aliinua shuka ya meza, akainua blanketi, akachungulia chini yake. Pasi kubwa ilikuwa mwisho wa meza, kifuniko kimeachama, jogoo ameangalia pembeni.

"Sijawahi kuchoma shati tangu nianze kazi hii," alisema, akikunjua jingine. "Sijawahi. Litakuwa wapi?"

Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kando ya mguu wa meza. Mkewe aliingia na ndoo kutoka uani, na yeye hakutazama mashati. Alitazama chini moja kwa moja, kama mtu aliyekuwa akingoja aitwe. Akaimwaga ndoo nzima juu ya mguu wa mumewe. Maji yakachemka kwa sauti fupi.

Mstari aliruka nyuma. "Unafanya nini? Unalowesha sakafu."

Aliponyanyua mguu, kaa la pasi lilikuwa limeshikamana na unyayo. Alikuwa amesimama juu yake muda wote ule aliokuwa anatafuta.

Tulimpeleka hospitali kwenye gari la mteja. Kijana wa skrini, nimpe haki yake, alivua glavu akavaa nyingine na akautazama mguu kwa muda mrefu. Alimpima damu. Sukari ilikuwa juu, na kwa alivyoona ilikuwa hivyo kwa miaka. Alieleza bila makuu: kisukari kilikuwa kinaua mishipa ya fahamu, na kule kuwaka kulikuwa mishipa inalia. Ilipokufa, ikanyamaza. Binti, aliyetukuta huko, akampa ile chupa. Aliisoma pande zote, kama nilivyoisoma mimi.

"Sijui kama majani haya yana kazi," alisema. "Sijaona aliyeyapima sawasawa. Wapo watakaomeza wajisikie vizuri, na maumivu ya aina hii huja na kuondoka yenyewe. Lakini maumivu kuondoka si kipimo, mama. Kipimo ni kuhisi. Kuna aliyempima kama anahisi?"

Shemeji alikuwa ameukunja ukingo wa kanga yake mkononi, anaukunjua, anaukunja.

Kidonda hakikufunga. Kilipanuka, kikaenda ndani, kikabadilika rangi, na walimkata chini ya goti.

Binti aliacha kuuza. Alifuta ile video, akawaomba wenzake kwenye kundi wafute. Lakini kitu kikishatoka kwenye simu ya mtu hakina mwenyewe. Mchana mmoja nimekaa nao pale dukani, Mstari yuko kitandani nyuma ya pazia tulilomtundikia pembeni, akaingia mama mmoja mnene anayeburuta kandambili. Aliuliza kama hapa ndipo kwa mzee wa pasi. Kabla hatujajibu akanyoosha simu yake ili tuone, na chumba kikajaa sauti ya Mstari, yenye nguvu, yenye furaha: "Sasa hakuna maumivu. Hata mikono yangu imekuwa ya chuma."

Pazia halikutikisika.

"Amehama," shemeji alisema. Kisha akainama akatazama miguu ya yule mama. "Wewe nenda hospitali, dada. Nenda leo."

Yule mama alimtazama kwa shaka. "Na miye nitapata wapi chupa?"

Baada ya hapo binti aliamua kuwachukua wakaishi naye. Siku ya kuhama nilitoka kuwaaga. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele, meza ya pasi imepinduliwa juu, miguu minne hewani. Duka lilikwisha kupata mpangaji, mtu wa kuchaji betri. Mstari alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa gari, blanketi begani. Suruali yake alikuwa ameipiga pasi mwenyewe, kwa kuketi. Mguu wa suruali uliokuwa mtupu ulikunjwa nyuma na kubanwa kwa pini, na hata huo ulikuwa na mstari.

Mkewe alikuwa anamletea chai ya njiani. Kabla ya kumpa aliinua kikombe karibu na shavu lake, bila kukigusa, akafumba macho.

"Profesa," Mstari aliniita, kwa sauti ya chini. "Sogea."

Nikasogea.

"Huu uliobaki ulirudi kuwaka nilipolazwa. Nilikuwa nafurahi unavyowaka, nawaambia wauguzi acheni, ni mzima huo." Alivuta uzi kutoka kwenye ukingo wa blanketi, akaukata kwa meno, akanipa. "Juzi umeacha."

Akavua kandambili, akanyoosha mguu, akafumba macho.

Nilipiga magoti kwenye vumbi. Mikono yangu si imara tena, ila uzi niliweza. Nilimgusa kidole gumba. Nilimgusa vyote, kwa zamu. Niliupitisha uzi chini ya unyayo hadi kisiginoni, nikaurudisha. Yeye alisubiri, uso umeinuliwa, hakubahatisha hata neno.

"Umeanza?" aliuliza.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe.

"Ameshamaliza, mume wangu," alisema.

Akamvika kandambili, akaikaza kwa kitambaa isivuke njiani. Tukamnyanyua tukamweka ndani ya gari, mkewe akapanda upande wa pili, na binti akawasha. Sijawaona tena.